Kazi za Mikono Nyumbani: Eropleni ya Nyuzi Mbili

Mwalimu mmoja ametuandikia barua akisema: Wavulana wangu wakubwa wamekwisha choka na mikeka na vigoda, nitafutie kazi itakayowalazimisha kupima kwa rula, kuhesabu, na kungoja. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichague kazi ya mwezi huu, maana kupima twaweza kumfundisha mtoto kwa siku moja, lakini kungoja, hata sisi wazee hatujahitimu. Habari nitakayoieleza ni ya kuunda eropleni ndogo kwa kufuata ramani, eropleni irukayo kweli kweli, huku imefungwa kwa nyuzi mbili za chuma.

Msomaji asiyepata kuiona atauliza, Huendaje? Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa asiyeelewa jinsi inavyoongozwa hawezi kuiunda vema. Mwendeshaji husimama katikati ya uwanja, ameshika kishikio mkononi. Katika kishikio hicho zimefungwa nyuzi mbili nyembamba, moja juu na moja chini, na urefu wake wapata mita 18. Nyuzi hizo huingia katika ncha ya bawa la kushoto, zikashikamana na wenzo mdogo wa pembe tatu uliotiwa ndani ya bawa, wenzo uwezao kuzunguka juu ya msumari wake kwenda mbele na nyuma. Kutoka katika wenzo huo ufito wa chuma hufika mpaka mkiani, palipo na kibao chenye bawaba. Na kibao hicho ndicho kiinuacho pua ya eropleni au kuishusha. Basi mwendeshaji akiinamisha ngumi yake nyuma, uzi wa juu huvutika, wenzo huzunguka, kibao huinuka, na eropleni hupanda. Akiinamisha ngumi mbele, eropleni hushuka. Hakuna zaidi ya hayo. Haiwezi kwenda kulia wala kushoto; huzunguka tu, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Walakini mbuzi huyu huenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde tano hivi, na kwa sababu ya kasi hiyo hujivuta kwenda nje kwa nguvu iliyo karibu mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Mvuto huo ndio uzima wake. Nyuzi zikikaza, mkono wa mwendeshaji hufika mpaka mkiani. Zikilegea, mtu ataguisha kishikio apendavyo, eropleni haisikii neno. Na ikiwa iko karibu na nchi, kazi ya miezi miwili huwa vijiti vya kuwashia moto. Tafadhali likumbukeni jambo hili la kulegea kwa nyuzi, maana litarudi.

Kazi hii ilizaliwa Marekani, katika jimbo la Oregon. Kabla yake, waundaji wa eropleni ndogo walikuwa wakiziachilia tu angani, na nyingi zilipotelea mbali. Mwaka wa 1937 mtu aitwaye Oba St. Clair alirusha eropleni yake, Miss Shirley, akiiongoza kwa nyuzi. Baadaye kidogo Jim Walker, mwenye kiwanda katika mji wa Portland wa jimbo hilo hilo, alianza kuuza eropleni ya namna hiyo, jina lake Fireball, akawafundisha watu kila mahali kuirusha. Alikuwa fundi wa ajabu: aliweza kurusha eropleni tatu kwa wakati mmoja, moja kwa mkono wa kulia, moja kwa mkono wa kushoto, na ya tatu imefungwa kichwani pake. Mwaka wa 1942 alipewa hati ya serikali ya kwamba uvumbuzi ni wake. Lakini jambo lilifika mahakamani, na mwaka wa 1955 hati yake ikatanguliwa, kwa kuwa ilithibitika ya kwamba St. Clair alikuwa amemtangulia. Watu wa mchezo huu hata leo huwataja wote wawili, yule aliyetangulia na yule aliyeeneza, nami naona wanafanya vema.

Mwanzoni watu walifurahi kwa kuiona ikizunguka tu. Halafu wakaanza kuifanyiza michezo. Leo liko shirikisho la anga la mataifa yote, liitwalo FAI, nalo limeweka masharti ya mashindano. Daraja ya michezo hii huitwa F2B, na mashindano ya dunia hufanyika kila miaka miwili. Mwendeshaji hupewa dakika 7. Katika muda huo hana budi kuwasha mashine, kuondoka chini, kuirusha eropleni chali, yaani tumbo juu na mgongo chini, kufanya vitanzi vya duara, vitanzi vya mraba, vitanzi vya pembe tatu, kuandika namba nane ya kulala na namba nane ya kusimama, kuchora umbo la shisha, ile chupa ya mchanga ya kupimia saa, kisha kuchora jani lenye sehemu nne, na kushuka chini taratibu. Kila kitanzi sharti kiishie mita moja na nusu juu ya majani; asiyeamini na apime kwa fimbo, aone jinsi ilivyo karibu na ardhi kwa kitu kiendacho mbio namna ile. Waamuzi hutazama kama pembe za mraba ni pembe kweli na kama duara ni duara. Ni kama mwandiko mzuri, ila ubao wake ni hewa, na mwandishi akikosea hakuna kufuta.

Sasa, ramani. Kwa anayeanza mimi nasema achukue Ringmaster, iliyobuniwa na Matt Kania kwa kiwanda cha Sterling Models mwaka wa 1950. Mabawa yake yana upana wa inchi 42 toka ncha hata ncha. Kiwiliwili chake si sanduku, ni ubao mmoja uliosimama, wenye unene wa nusu inchi, na mashine imefungwa ubavuni. Kwa hiyo ikianguka hutengenezeka upesi. Wengi watawaambia mwanze na Nobler ya George Aldrich, kwa kuwa ni nzuri na ina sifa kubwa tangu miaka ya 1950. Ni kweli ni nzuri. Ina vibawa vyenye bawaba nyuma ya mabawa, navyo huenda pamoja na kibao cha mkiani, kimoja kikishuka kingine kikipanda, hata hugeuka kama mbayuwayu. Lakini ni kazi ya mtu aliyekwisha kuvunja mbili tatu. Msimpe mtoto Nobler kwanza, mtamvunja moyo.

Mti wake ni balsa. Mti huu hutoka zaidi Ecuador, hukua upesi sana hata kufaa kukatwa kwa miaka sita au saba, na wepesi wake ni wa kustaajabisha: futi moja ya ujazo ya balsa laini haifiki ratli sita, na ile ngumu hupita kumi na mbili. Hapa ndipo ramani haiwezi kumsaidia mjenzi. Ramani husema, Kata ubavu huu kwa mbao ya unene huu. Haisemi mbao ipi katika zile zilizo mbele yako. Lazima uzipime kwa mizani, uzipinde kidogo kwa vidole, uzitazame kwenye mwanga. Ile nyepesi ni ya mbavu. Ile ngumu, yenye nyuzi ndefu zilizonyooka, ni ya miamba miwili ipitayo ndani ya bawa toka ncha hata ncha. Mashine hukaa juu ya vipande vya mti mgumu, si balsa, na wenzo hufungwa juu ya ubao wa tabaka uliotiwa gundi vizuri kabisa, maana mvuto wote wa eropleni huishia katika msumari ule mmoja. Kwenye mashindano, kabla ya kuruhusiwa kuirusha, eropleni huvutwa kwa nyuzi zake kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wake. Hata nyumbani fanyeni hivyo. Ni heri wenzo ung'oke mkononi mwako kuliko kung'oka eropleni ikielekea kwa watu.

Ramani hutandikwa juu ya ubao ulionyooka. Juu ya ramani hutandikwa karatasi iliyopakwa nta, ili gundi isishike. Miamba hulazwa juu ya mistari, hushikwa kwa pini, mbavu husimamishwa moja moja, kisha ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, nao huinuliwa kwa vipande vidogo ili uwe sawa na katikati ya mbavu. Gundi ikitiwa, kazi huachwa. Siyo saa moja, usiku mzima.

Na sasa nitawasimulia jambo ambalo ningependa zaidi kulificha.

Eropleni yetu ilijengwa na mwanangu wa pili, mwenye miaka 13. Balsa niliiagiza kutoka mbali, maana madukani kwetu haiuzwi, na ubao wa kujengea niliutoa mimi: ulikuwa mlango wa zamani, mzito, nilioupiga randa mwenyewe na kuuegemeza ukutani wakati wote wa masika. Jioni ya kwanza, kijana alipotandika ramani, aliniambia, "Baba, ubao unacheza." Nikatazama, nikaona pembe moja haikufika mezani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nikakunja karatasi, nikaitia chini ya pembe ile, nikasema, "Haya, sasa haucheze."

Alifanya kazi jioni nne. Jioni ya tano tuliling'oa bawa, jeupe, jepesi kama kikapu kitupu, na ndugu zake wakaja kulitazama. Nikalishika kwa nyuma, nikafumba jicho moja, nikalinganisha ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele, kama ramani iagizavyo. Upande wa kushoto ulikuwa sawa. Upande wa kulia, ukingo wa nyuma ulikuwa umeshuka kwenye ncha, upana wa kalamu ya risasi.

Yawapasa kuelewa ubaya wa jambo hili. Bawa la kulia likipindwa namna ile hushika hewa zaidi na kuinuka. Eropleni hulala upande wa kushoto, upande wa mwendeshaji, na badala ya kujivuta kwenda nje huja ndani. Ndipo nyuzi zinapolegea. Ikiwa chali mambo hugeuka kinyume chake, kwa hiyo huwezi hata kuizoea. Na zaidi ya hayo, bawa likiisha kufunikwa karatasi na kupakwa rangi, macho ya wageni hayaoni kitu.

Nikamwuliza, "Uliling'oa kabla ya gundi kukauka?"

"La, Baba."

"Jioni ya pili nilikukuta unashika pini."

"Nilikuwa nazihesabu, Baba."

Nikamwambia mbele ya ndugu zake, na mbele ya mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni, ya kwamba kukosa kungoja ni kosa dogo, lakini kukosa kusema kweli ni kosa kubwa. Hakujibu. Nikamkataza kuigusa kazi ile kwa muda wa juma moja.

Katika juma lile nikaona heri nijenge bawa la pili mimi mwenyewe, ili nimwonyeshe jinsi mtu avumiliavyo. Nilipima kila ubavu. Nilingoja siku mbili nzima kwa gundi. Nikaling'oa, nikalishika kwa nyuma, nikafumba jicho. Na upande wa kulia, kwenye ncha, ukingo wa nyuma ulikuwa umeshuka upana wa kalamu ya risasi.

Nilikaa kitako. Kisha nikachukua uzi wa kushonea na misumari minne ya urefu mmoja, nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo, nalo nawaagiza walimu wote walifanye. Piga msumari mmoja katika kila pembe ya ubao, yote iwe na kimo kimoja. Vuta uzi toka pembe hata pembe ya pili ipitayo katikati, na uzi mwingine vivyo hivyo, zikingamane. Ubao ukiwa sawa, nyuzi hugusana katikati bila kusukumana. Kisha badili, ule wa chini uwe juu, utazame tena, kwa kuwa uzi wa juu waweza kuulalia wa chini na kukudanganya. Zangu ziliachana kwa milimita tatu, maana yake pembe moja ya ubao ilikuwa imesimama milimita sita juu ya mahali pake. Unyevu wa masika ulikuwa umeupinda ubao, nami kwa karatasi yangu iliyokunjwa nilikuwa nimeunyamazisha. Mtoto alinionya jioni ya kwanza.

Siku mbili nilinyamaza. Naandika hivi kwa kuwa ni kweli. Nilijiambia ya kwamba naweza kuupiga randa ubao ule usiku, nilinyooshe bawa lake kwa mvuke, nimwambie, "Nimekusamehe, haya tuendelee," naye angefurahi, na hakuna mtu angejua. Mama yake aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Jioni ya tatu, baada ya sala ya nyumbani, kabla watoto hawajaondoka mkekani, nilimwita. Nikamwambia, "Mwanangu, ubao ndio uliopinda, na ubao ni wangu. Uliniambia, sikukusikiliza. Nikakushitaki uongo mbele ya ndugu zako, nami mbele yao nakuomba unisamehe." Mdogo wao, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Kumbe hata Baba?" Mama yake akamfunika kinywa kwa kanga. Kijana alitazama chini muda mrefu, hata nikaogopa. Halafu akasema, "Nimekusamehe, Baba. Basi tutengeneze ubao kwanza."

Tuliutengeneza jioni mbili, yeye akishika uzi na mimi randa. Kisha tukachemsha birika. Bawa ambalo halijafunikwa huweza kunyooshwa: lishike juu ya mvuke, lipinde kinyume cha upinde wake, zaidi kidogo ya ulivyotaka, lifunge kwa pini juu ya ubao ulio sawa, liache mpaka kesho. Lake lilinyooka. Hilo ndilo tulilolitumia. Langu liko darini.

Yaliyosalia nitayapita upesi, maana ramani huyaeleza yenyewe. Karatasi nyembamba hubandikwa juu ya mifupa, hunyunyiziwa maji ikaze, kisha hupakwa vanishi ya kukaza mara kadha wa kadha, kila mara kidogo, kwa kuwa rangi nayo ina uzito. Katika ncha ya bawa la kulia hutiwa kipande cha risasi, gramu 25 au 30, kusawazisha uzito wa nyuzi zilizo upande wa pili. Mwisho kabisa huja mizani ya eropleni nzima. Ramani ina alama ionyeshayo mahali ambapo eropleni ikiinuliwa kwa vidole viwili, kimoja kila upande, haiangukii pua wala mkia. Alama hiyo si shauri, ni amri. Mkia ukiwa mzito, eropleni huwa na kichaa, hugeuka kabla hujataka. Pua ikiwa nzito kidogo, huwa mvivu lakini mtiifu, na mwanafunzi hufaidika na uvivu huo. Yetu ilikuwa nzito mkiani kwa ajili ya rangi ya kijana, aliyependa nyota. Tuliongeza risasi puani.

Kuhusu mashine: siku hizi wengi hutumia mota ya umeme na betri, yenye saa ndani ya kuizima. Wengine bado wapenda mashine ya mafuta, kama ile Fox 35 iliyotengenezwa na Duke Fox, ambayo eropleni ikienda sawa hunguruma polepole, ikiinua pua hubadili sauti na kuongeza nguvu, kama punda ajuaye mlima. Ni tamu kuisikiliza. Lakini mafuta yake ni spiriti ya methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, na methanoli ni sumu: mtu akiinywa hupofuka au hufa. Yafungiwe kabatini, katika chupa yenye maandishi, kamwe si katika chupa ya soda. Na rafadha, ile panka izungukayo puani, iwe ya mafuta au ya umeme, hukata vidole bila kuchagua. Mashine ya mafuta izungusheni kwa kijiti chenye mpira. Ya umeme ishikeni sikuzote kana kwamba iko tayari kuanza.

Na hili nalitaja peke yake. Nyuzi zako ni za chuma, nawe umezishika. Msirushe kamwe eropleni hii karibu na nyaya za umeme, wala wakati mawingu ya ngurumo yameonekana, hata kama yako mbali. Ikinasa juu ya waya wa umeme, ni ya kampuni ya umeme. Mtoto asiifuate kwa ufito wala kwa ngazi. Uwanja wa mpira wa miguu watosha, mradi nyaya zisiwe kando yake. Pigeni duara ya chokaa yenye nusu kipenyo cha mita 25, na watu wote wakae nje yake, hata mchungaji. Kishikio kifungwe kwenye kifundo cha mkono kwa ugwe imara, ili kikiponyoka kisiende na eropleni.

Sisi tulitoka saa kumi na mbili unusu ya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kijana aliishika eropleni, mimi nikasimama katikati. Aliiachia, ikakimbia majanini, ikaondoka. Ilikaza nyuzi tangu mzunguko wa kwanza, nami nikasikia mkononi mvuto wake kama wa samaki mkubwa. Wala haikulala upande wowote. Nilikuwa nimesoma ya kwamba mkono unyooshwe, kiwiko kisikunjwe, mtu aongoze kwa bega, maana wanaoanza hutikisa kishikio mno. Nilisoma pia ya kwamba mtu atazame eropleni tu, asitazame nchi. Hilo la pili nikalisahau. Mzunguko wa tisa niliinua macho nikatazama miti nyuma yake, na dunia yote ikageuka. Nikapepesuka kama mlevi mbele ya wanafunzi sita wa shule ya Jumapili waliokuja kutazama. Kwa rehema mashine ilikuwa imetiwa mafuta kidogo, ikazima. Eropleni ilishuka kwa nguvu, rafadha ikavunjika, lakini bawa halikuumia.

Tulifunga rafadha nyingine. Kijana akakamata kishikio. Alizunguka mara ishirini na nne, nilizihesabu, hakuinua macho hata mara moja, akaishusha juu ya majani kwa upole. Halafu akaketi palepale katikati ya duara, kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka, akacheka.

Kitanzi bado hatujakijaribu; yeye asema mwezi ujao, mimi nasema miezi miwili. Mwalimu aliyetuandikia, na wengine watakaoanza, wapime mbao zao kwa nyuzi kabla hawajakata balsa, kisha waandike kwa mhariri watuambie ziliachana kwa kiasi gani. Katika toleo lijalo nitaeleza jinsi ya kufunga nyuzi kwenye kishikio zisiteleze, na jinsi ya kuzikunja ili zisifanye fundo, kazi ambayo mke wangu huifanya vizuri kuliko sisi sote.